Subira huvuta heri, lakini ahadi ni deni

Dada yangu hana desturi ya kunitembelea siku ya kazi. Kwa hivyo nilipomwona mlangoni Jumatano moja jioni, mwezi wa Mei 2023, mkoba begani na kitambaa cha kichwa kimekwenda upande, nilijua kuna jambo. Chai alipoletewa aliitazama tu ikipoa.

"Kaka," akasema, "huyo mpwa wako amerogwa."

Msomaji mpenzi, huyo mpwa wangu ndiye kifungua mimba wake. Tulimchangia nauli kwa harambee mwaka wa 2021, na hata makanga wa matatu za mtaani kwao, Buru Buru, hawakuja mikono mitupu. Akaenda kusomea saikolojia katika chuo kikuu kimoja jimbo la Minnesota, Marekani, kule ambako Wakenya wamejaa hata mtu akitaka ugali na sukuma wiki hahangaiki.

Sasa alikuwa amemaliza mwaka wa pili na likizo ndefu ya kiangazi ilikuwa imeanza. Mama mtu alikuwa ameshapiga hesabu zake. Binti angefanya kibarua miezi hiyo mitatu, kama anavyosikia watoto wa wenzake wakitunza wazee huko na kutuma fedha nyumbani. Karo ya mdogo wake wa kidato cha kwanza ingelipwa. Mabati ya jikoni yangebadilishwa. Badala yake akapigiwa simu: "Mama, nimepata nafasi ya kukaa na profesa wangu wiki kumi katika maabara. Tunawapa watoto peremende, tuone watasubiri muda gani kabla ya kuila."

"Peremende!" dada akaniambia. "Nimeuza mitumba Gikomba miaka ishirini na minane, ili mtu akapande ndege aende kutazama watoto wa watu wakila peremende!"

Nilicheka. Hapo nikakosea. Alichukua mkoba wake akatoka bila kuaga, na kwa wiki tatu simu ya bintiye ikawa inalia weee, haipokelewi.

Peremende yenyewe

Mimi nilimpigia mpwa wangu ili nimkanye. Nilikuwa nimejitayarisha kama mzee wa baraza. Lakini kabla sijafungua kinywa, alinieleza kazi yake, nami nikajikuta nasikiliza.

Kisa hicho cha peremende si kigeni kwa wasomi wa saikolojia. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, mtaalamu mmoja aitwaye Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford aliwaketisha watoto wa shule ya chekechea mmoja mmoja mbele ya kitu kitamu. Mtoto aliambiwa hivi: ukitaka, kula hiki kimoja sasa, lakini ukingoja nirudi, utapata viwili. Kisha mtu mzima akatoka. Baada ya miaka mingi, Mischel na wenzake waliwafuatilia baadhi ya watoto wale, wakaona kuwa walioweza kusubiri zaidi walielekea kufanya vyema zaidi shuleni. Habari ikaenea duniani kama moto wa nyika. Wazazi wakaanza kuwapima watoto wao kwa biskuti mezani.

"Lakini Mjomba," mpwa wangu akasema, "hadithi haikuishia hapo."

Mwaka wa 2018, watafiti Tyler Watts, Greg Duncan na Haonan Quan walichapisha utafiti wao juu ya watoto zaidi ya 900 waliotoka katika familia za kila aina. Waligundua kuwa uhusiano ule ulikuwa mdogo kuliko ilivyodhaniwa, na ulipungua sana hali ya nyumbani kwa mtoto na uwezo wake wa awali vilipotiliwa maanani. Mwaka huohuo kukatoka utafiti mwingine uliolinganisha watoto wa miaka minne wa kabila la Nso nchini Kamerun na wenzao wa Ujerumani. Takriban watoto 7 kati ya 10 wa Kamerun waliweza kungoja dakika zote 10. Wale wa Ujerumani hawakufika 3 kati ya 10. Ama kweli, aliyezoea kupima dunia nzima kwa pishi la kwao hukosa hesabu.

Ila jaribio lililomkaa rohoni binti yetu, na ambalo kazi ya profesa wake ililifuata, ni lile la mwaka 2013 la Celeste Kidd na wenzake huko Rochester, jimbo la New York. Hao, kabla ya kumpa mtoto peremende, walianza kwa kumwahidi kalamu za rangi nzuri zaidi ya zile kuukuu zilizokuwa mezani. Watoto 14 waliletewa walichoahidiwa. Wengine 14 waliambiwa, pole, kumbe hatuna. Ndipo likaja jaribio la kusubiri. Walioletewa walivumilia wastani wa dakika 12. Waliovunjiwa ahadi walivumilia dakika 3 tu. Katika kundi la kwanza, 9 walifikisha dakika zote 15. Katika kundi la pili alifikisha mmoja peke yake.

"Kwa hivyo, Mjomba, mtoto anayekula peremende mara moja huenda si mlafi wala si mjinga. Pengine amefundishwa na mambo aliyoyaona kwamba mtu mzima akiondoka, harudi na kitu."

Nilinyamaza muda mrefu hata akafikiri simu imekatika.

Kalamu ambazo hazikuletwa

Sababu ya kunyamaza ni hii. Mwaka wa 1991, kaka yetu mkubwa naye alikwenda Marekani. Baba aliuza ekari mbili za shamba. Dada yangu, kitindamimba wetu, alikuwa kidato cha pili na alikuwa na kichwa chepesi kuliko sisi sote. Kaka aliahidi mbele ya wazee, kofia mkononi, kwamba atakapomaliza muhula wa kwanza ataanza kumlipia mdogo wetu karo. Ilikuja barua ya kwanza. Ikaja ya pili, yenye picha ya theluji. Ya tatu hatujaipata hadi leo.

Dada alisubiri nyumbani muhula mzima, sare imepigwa pasi, imetundikwa ukutani. Kisha akaitoa, akampa binti wa jirani, akapanda basi kuja Nairobi kutafuta kibarua. Mwaka wa 1995 akapata kibanda chake Gikomba.

Sasa nikaelewa kwamba siku ile, chai ikipoa mbele yake, dada yangu hakuwa na uroho wa fedha. Alikuwa ni mtoto aliyeahidiwa kalamu za rangi zikakosekana. Mtu wa namna hiyo, ukimwambia asubiri mara ya pili, una haki gani ya kumlaumu asiposubiri?

Nilimwambia mpwa wangu: "Usimwombe mama yako subira. Mpe hesabu." Nikamsimulia kisa cha mjomba wake mkubwa, ambacho hakuwahi kuelezwa chote.

Barua ya hesabu

Aliandika kwa mkono kurasa mbili, akazipiga picha na kuzituma kwa simu yangu. Jumapili nilikwenda Buru Buru nikamsomea dada. Hamkuwa na maneno ya kubembeleza mle.

Kwanza, alieleza kwamba mwenye visa ya mwanafunzi haruhusiwi kujiendea tu kufanya kazi nje ya chuo. Anayekiuka sheria hiyo anaweza kupoteza haki ya kuendelea kukaa nchini humo kama mwanafunzi. Kazi ndani ya chuo inaruhusiwa, na maabara imo chuoni.

Pili, alieleza fedha. Tangu 1987, Wakfu wa Taifa wa Sayansi wa Marekani umekuwa ukigharimia wanafunzi wa shahada ya kwanza kufanya utafiti wakati wa kiangazi, lakini nafasi hizo ni za raia na wakaazi wa kudumu. Yeye hakustahili. Kwa hivyo aliomba fungu la chuo chenyewe, akapata posho ya wiki kumi. Aliandika ni kiasi gani, chumba kitakula ngapi, chakula ngapi, na kitakachobaki.

Tatu, alieleza kwa nini. Anataka kuendelea hadi shahada ya uzamifu, ile inayompa mtu jina la Daktari. Nchini Marekani mtu anaweza kutoka shahada ya kwanza akaingia moja kwa moja kwenye uzamifu bila kupitia uzamili. Na katika saikolojia ya utafiti, vyuo vingi humsamehe karo mwanafunzi wa uzamifu na kumlipa posho kwa kufundisha au kufanya utafiti. Uzamili, kwa upande mwingine, aghalabu hujilipia. Lakini nafasi ni chache, waombaji ni wengi, na anayeingia ni yule ambaye ameonyesha kuwa kazi ya utafiti anaijua kwa mikono yake.

Nne, aliandika: "Mama, huenda nisichukuliwe. Hilo siwezi kuliahidi. Ninaloweza kuahidi ni kwamba kila tarehe tano nitatuma shilingi elfu tano za karo ya mdogo wangu, na nikishindwa nitakupigia kabla ya tarehe tano, si baada."

Dada aliichukua simu yangu akaisoma mwenyewe mara mbili. Kisha akauliza, "Tarehe tano ya mwezi huu?"

Tarehe tano ilifika. Fedha zikaingia asubuhi.

Kazi ya sekunde

Wengi hudhani utafiti ni kuvaa koti jeupe. Mpwa wangu aliniambia kuwa nusu ya kiangazi aliimaliza akipiga simu kwa wazazi kupanga siku za kuleta watoto, akiwaeleza haki zao, akipokea idhini zao zilizotiwa sahihi, na kumwuliza mtoto naye kama anataka kushiriki. Hakuna anayeruhusiwa kumgusa mtoto kwa jaribio kabla kamati ya maadili ya utafiti haijaupitisha mpango wote.

Nusu ya pili alikaa mbele ya kompyuta akitazama video. Sekunde ngapi kabla mtoto hajaigusa peremende? Sekunde ngapi kabla hajailamba? Watu wawili hutazama video ileile kila mmoja kivyake, kisha majibu yao hulinganishwa. Na anayetazama hatakiwi kujua mtoto ni wa kundi gani, asije akaona anachotaka kukiona.

Hapo ndipo mtihani wake ulipokuja. Wiki ya saba, alipokuwa ameshamaliza video kumi na moja, alitambua kwamba watoto wanne kati ya hao aliwapokea mwenyewe mlangoni, na alikumbuka ni yupi aliletewa zawadi na ni yupi aliyenyimwa. Hakuna mwingine aliyejua. Angenyamaza, kazi ingeendelea. Alilala usiku mmoja na siri hiyo, asubuhi akaenda kwa profesa. Video zote kumi na moja zikapewa mtu mwingine azirudie. Siku tatu za kazi zikaenda na maji.

Mwisho wa wiki kumi, matokeo nayo hayakuwa ya kupigiwa vigelegele. Tofauti kati ya makundi mawili ilionekana, lakini ilikuwa ndogo mno, na watoto walikuwa wachache mno kuweza kusema lolote kwa uhakika. Aliandika hivyohivyo kwenye bango lake la maonyesho ya wanafunzi. Yeye aliona aibu. Profesa wake akamwambia kuwa aibu ingekuwa kuandika vingine. Alimkumbusha ule mradi mkubwa wa mwaka 2015, ambapo watafiti walirudia tafiti 100 za saikolojia zilizokuwa zimechapishwa, na chini ya 4 kati ya kila 10 ndizo zilizotoa tena matokeo yaleyale. Taaluma nzima ilijifunza siku hiyo kwamba ahadi za kwenye karatasi nazo ni deni.

Kwa wanaojitayarisha

Ndugu mwanafunzi unayesoma ukurasa huu, huenda nawe unawaza kwenda mbele. Mambo aliyonifundisha binti huyu ni haya.

Anza mapema. Maombi mengi ya uzamifu wa saikolojia nchini Marekani hufungwa mwezi wa Desemba, kwa masomo yatakayoanza Agosti au Septemba inayofuata. Kwa kawaida barua tatu za kukupendekeza huhitajika, na barua ya mwalimu aliyekuona darasani tu haina uzito kama ya yule aliyekuona ukifanya kazi, ukikosea na ukirekebisha. Vyuo vingi vimeacha kuulazimisha mtihani wa GRE tangu 2020, lakini si vyote, kwa hivyo soma masharti ya kila kimoja. Ada ya maombi hulipwa kwa kila chuo. Uliza kama unaweza kusamehewa, kwani baadhi husamehe.

Katika maelezo yako, usiandike kwamba tangu utotoni umependa kusaidia watu. Kila mwombaji hupenda kusaidia watu. Andika ni swali gani linalokunyima usingizi, umelifanyia nini hadi sasa, na ni mwalimu gani wa chuo hicho anayelishughulikia. Jifunze takwimu, programu ya R hailipiwi hata senti. Na ujue unachokiomba: anayetaka kutibu wagonjwa wa akili na anayetaka kuchunguza jinsi watoto wanavyokua hawapiti mlango mmoja, na mlango wa saikolojia ya tiba ndio mwembamba kupita yote.

Wala usidhani lazima uvuke bahari. Hapa nchini kuna Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, na kazi ya utafiti inafanyika. Huko Kilifi, Profesa Amina Abubakar na wenzake waliunda kipimo cha ukuaji wa watoto wa miezi 6 hadi 35, wakakichapisha mwaka wa 2008, kwa kuwa vipimo vilivyotengenezwa kwa watoto wa Ulaya na Marekani havikuwafaa watoto wetu. Likizo ndefu ikifika, mwendee mhadhiri wako umwambie, "Nina wiki nane, nina mikono miwili, nipe kazi." Anayeomba kazi ya kubeba ndoo leo ndiye atakayeulizwa kesho kisima kichimbwe wapi.

Tarehe tano

Binti yetu aliomba vyuo tisa mwishoni mwa 2024. Saba vilimkataa. Cha nane kilimhoji kisha kikamkataa. Siku barua ya kukataliwa ya saba ilipokuja, alimpigia mama yake akalia, na mama yake hakusema "nilikuambia". Alimwuliza tu kama amekula.

Cha tisa kilimwita kwa mahojiano Februari 2025. Katikati ya mazungumzo, mmoja wa walimu alimwuliza, "Tueleze habari ya zile video kumi na moja." Alishtuka. Barua ya profesa wake hakuwahi kuiona, kwani huandikwa kwa siri. Kumbe kosa lile alilodhani limemharibia jina ndilo lililoandikwa humo kama sifa yake.

Alikubaliwa. Vyuo vingi vimekubaliana huko kwamba mwanafunzi asishurutishwe kujibu kabla ya Aprili 15, lakini yeye alijibu siku ileile. Karo imesamehewa, posho ipo.

Nilikuwapo Buru Buru alipompigia mama yake simu ya picha. Dada alisikiliza yote, akafuta macho kwa pembe ya leso, kisha akauliza kama mfanyabiashara wa Gikomba anavyouliza: "Miaka mingapi?"

"Mitano, Mama. Huenda sita."

Dada alinigeukia, akatazama ukuta kwa muda kama anayeona sare iliyotundikwa pale, akarudi kwenye simu.

"Sawa," akasema. "Ila tarehe tano isikupite."

Mzazi mwenzangu, sote tunapenda kuwaambia watoto wetu kwamba mvumilivu hula mbivu. Ni kweli. Lakini leo, kabla hujamwambia mwanao asubiri baiskeli, au karo, au siku yako ya mapumziko uliyosema mtakwenda naye Uhuru Park, kumbuka ni kitu gani ulimwahidi mara ya mwisho, na kama ulikileta. Ikiwa hukukileta, anza hapo. Mwambie pole, mpe tarehe, na tarehe hiyo ikifika uwepo.

Jumapili njema.